Maji Yapimwa Mtamboni, Yanywewa Bombani

Ipo imani moja iliyokita mizizi katika ofisi zetu na katika shule zetu, nayo ni kwamba maji yakishasafishwa mtamboni, yakatiwa klorini, yakatoka bombani meupe pasipo harufu wala ladha ya kutilia shaka, basi kazi ya Serikali imekwisha na iliyobaki ni ya mnywaji. Kwa imani hiyo taarifa za ubora wa maji hutaja namba za mtamboni. Kwa imani hiyo hiyo bomba jipya la shule huzinduliwa kwa kufungua koki na kupiga makofi, na fundi aliyetumwa dukani kununua koki yenyewe haulizwi lolote ila bei. Nasema imani hiyo ni ya hatari. Hakuna mwananchi anywaye maji mtamboni. Maji hunywewa mwishoni mwa safari ndefu ya mabomba, viungo, mita, matangi na koki, na katika safari hiyo kila kitu ambacho maji hukigusa chaweza kuyaachia sehemu yake.

Kitu ninachokikusudia zaidi ya vyote ni madini ya risasi. Risasi ni laini, hupindika bila kuvunjika, huyeyuka kwa moto mdogo, na ikichanganywa kidogo katika shaba nyeupe huifanya shaba hiyo ikatike vizuri katika mashine za kiwandani. Kwa sababu hizo mafundi wameipenda tangu kale. Ubaya wake ni kwamba mwili wa binadamu hauna kazi nayo hata chembe. Ikiingia hujificha katika mifupa na meno kwa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba sehemu ya akiba hiyo hutoka mifupani ikamfikia mtoto aliye tumboni. Kwa mtu mzima huinua shinikizo la damu na kudhuru figo. Kwa mtoto mdogo, ambaye mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kupita mwili wa mtu mzima, huuharibu ubongo ungali unajengwa. Hupunguza uwezo wa kujifunza, wa kutulia na wa kukumbuka, na hasara hiyo haina dawa ya kuirudisha. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Sisemi kwamba kila mtoto aliye mzito darasani amenywa risasi. Hayo yangekuwa maneno ya mtu asiyefikiri. Wala sisemi kwamba maji ndiyo njia kuu ya sumu hiyo kila mahali, maana imo pia katika rangi za kuta, katika betri za magari zinazovunjwa ovyo mitaani na katika sufuria zilizofuliwa kwa vyuma chakavu. Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, pamoja na shirika la Pure Earth, walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya kila watatu duniani, yaani wapatao milioni 800, ana risasi katika damu ya kiwango cha kutisha. Ninachosema ni kwamba sumu hii haimshtui mwalimu wala mzazi. Mtoto hatapiki, haharishi, hashikwi na homa. Anapungukiwa tu, polepole, na sisi tunamwita mvivu.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa risasi katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, nacho ndicho kilichomo katika kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki, EAS 12, kilichoandikwa kama miligramu 0.01. Namba ndogo kama hiyo humpita mtu bila kumgusa, kwa hiyo natufanye hesabu ya sokoni. Gramu 1 ya risasi, ambayo ni uzito wa punje 3 au 4 za mahindi, ikiyeyuka yote yatosha kuzifikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho, yaani ndoo 5,000 za lita 20. Sasa ichukue koki ya shaba nyeupe yenye uzito wa nusu kilo na risasi ya asilimia 3, kiasi ambacho ni cha kawaida katika shaba iliyotengenezwa kwa kukatwa na mashine. Ndani ya koki hiyo mna gramu 15. Haitayeyuka yote, wala haitayeyuka kwa siku moja, kwa kuwa maji hula uso wa ndani tu, tena kidogo kidogo. Lakini ni nani atakayetuambia kwamba kidogo hicho ni kidogo cha kutosha, madhali hakuna aliyekipima?

Hapa ndipo somo letu la afya linapopungua. Kwa miaka mingi tumewafundisha wananchi kuchemsha maji, na somo hilo ni la kweli, tena limeokoa watu wengi kutokana na kipindupindu na homa ya matumbo. Risasi, hata hivyo, si kijidudu. Haifi kwa moto. Maji yakichemka sehemu yake hupaa kwa mvuke, risasi ikabaki sufuriani, na maji yaliyobaki huwa na sumu nzito kuliko yalivyokuwa. Klorini haiiondoi. Kitambaa cha kuchujia hakiizuii. Mama aliyetimiza kila alilofundishwa kliniki, akachemsha, akapoza, akafunika, bado aweza kumnywesha mwanawe risasi iliyotoka kwenye koki ya jikoni mwake, naye hana njia ya kulijua hilo kwa jicho wala kwa ulimi. Jambo ambalo raia hana njia ya kujikinga nalo peke yake ndilo hasa linalostahili kuwa wajibu wa Serikali.

Elimu hii si ngeni. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Mrumi Vitruvius, msanifu wa majengo, aliandika kwamba maji yapitayo katika mabomba ya udongo yana afya kuliko yapitayo katika mabomba ya risasi, na ushahidi wake ulikuwa nyuso za mafundi wa risasi zilizopauka. Warumi walimsoma wakaendelea kulaza mabomba ya risasi, kwa kuwa yalikuwa rahisi kupinda. Mpaka leo jina la Kiingereza la ufundi wa mabomba latokana na jina la Kilatini la risasi. Kwa hiyo anayesema kwamba haya ni madai mapya ya wataalamu wa siku hizi hana historia.

Mwaka 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ulikuwa chini ya meneja wa dharura aliyewekwa na gavana ili kubana matumizi. Tarehe 25 Aprili mwaka huo mji uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kuchota mto Flint. Maji ya mto yalikuwa makali kwa vyuma, na wahusika hawakutia fosfati, kemikali ya bei ndogo ambayo hufanya utando ndani ya bomba ili maji yasigusane na madini. Utando wa zamani ukabanduka. Wananchi, wengi wao Wamarekani weusi na maskini, wakapeleka mikutanoni chupa za maji yenye rangi ya kutu, nao wakajibiwa kwamba maji yako salama. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kiwanda cha injini cha General Motors kiliacha kutumia maji hayo kwa sababu yalikuwa yakila vipuri. Fikiri, ndugu msomaji: vyuma vya kiwanda viliokolewa mwaka mzima kabla ya watoto. Ilipofika Septemba 2015 ndipo daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alipotangaza hadharani kwamba risasi imeongezeka katika damu ya watoto wa mji ule, na kwanza maofisa wa jimbo walimbeza. Mwezi uliofuata mji ukarudi kwenye maji ya Detroit, lakini risasi iliyokwisha kuingia mifupani haikurudi ilikotoka. Kabla ya hapo Washington, makao makuu ya taifa hilo hilo, ilikuwa imebadili aina ya klorini mwaka 2000, na badiliko hilo dogo likafumua risasi kutoka katika mabomba ya zamani. Wakazi wengi hawakuujua ukubwa wa jambo hilo mpaka magazeti yalipoliandika mwaka 2004.

Yafaa tulishike fundisho la kitaalamu lililomo humo. Bomba haliwi salama au la hatari kwa nafsi yake tu. Usalama wake wategemea maji yanayopita ndani: maji laini na yenye uchachu kidogo, kama ya mvua na ya vijito vingi vya milimani, hula madini upesi kuliko maji yenye chokaa. Kwa sababu hiyo mji wa Glasgow nchini Scotland, unaokunywa maji laini ya ziwa Katrine tangu mwaka 1859, ulisumbuka na risasi kuliko miji mingine iliyokuwa na mabomba ya namna ile ile, hata ikabidi maji yatiwe chokaa na baadaye fosfati. Anayebadili chanzo cha maji au dawa ya maji bila kuuliza mabomba ni ya nini, anacheza na asichokijua.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni masaibu ya mabomba ya babu. Basi na watazame Hong Kong. Julai 2015 iligunduliwa risasi iliyopita kikomo katika maji ya Kai Ching, majumba ya umma yaliyokuwa na wakazi kwa miaka michache tu. Maji ya mtamboni yalikuwa safi. Mabomba ya shaba nyekundu hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika lehemu, ule uji wa madini wa kuunganishia bomba na bomba. Mikataba iliamuru lehemu isiyo na risasi, na lehemu iliyotumika ilikuwa na risasi. Karatasi zilikuwa sahihi, na sahihi zilikuwepo juu ya karatasi, lakini hakuna aliyekata kipande cha lehemu akakipeleka maabara. Upimaji ulipoendelea, mitaa 11 ya nyumba za umma ikaonekana kuguswa. Tume ya uchunguzi, iliyotoa ripoti yake mwaka 2016, ilikuta kwamba kila aliyehusika alimtegemea mwingine: ofisi ya nyumba ilimtegemea mkandarasi mkuu, mkandarasi mkuu alimtegemea mkandarasi mdogo, mkandarasi mdogo alimtegemea fundi wake. Mwisho wa mnyororo huo alikuwa mtoto mwenye kikombe.

Kisa hicho ningependa kisomwe na kila ofisa anayekaa katika kamati ya zabuni. Kinatuonya kwamba kuandika sharti si kulitimiza. Tena kuna hila ya maneno yenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 ilipiga marufuku mabomba na koki zisizo za namna “isiyo na risasi”, kisha ikafafanua kwamba koki isiyo na risasi ni ile yenye risasi isiyozidi asilimia 8. Naam, asilimia 8. Tafsiri hiyo ilidumu mpaka Januari 2014, ilipoteremshwa kuwa asilimia 0.25. Kwa muda wa zaidi ya robo karne mfanyabiashara aliweza kuuza koki yenye gramu 40 za risasi katika kila nusu kilo, akaibandika jina la usafi, bila kuvunja sheria. Anayenunua vifaa kwa ajili ya umma na asiulize asilimia ngapi, amenunua jina.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni hili: sisi hatukulaza mabomba ya risasi kama wao, kwa hiyo habari hizi hazituhusu. Ni kweli kwamba mabomba ya risasi si mtindo wa mitaa yetu. Lakini watafiti waliopima mifumo ya maji katika Ghana, Mali na Niger, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021, walikuta risasi iliyopita kikomo katika sampuli 24 kati ya 261, na mifumo hiyo nayo haikuwa na mabomba ya risasi. Risasi ilitoka katika viungo na koki. Ilipokuwepo shaba nyeupe katika mfumo, kiasi cha risasi kilichotarajiwa katika maji kilikuwa karibu mara 4. Tukumbuke kwamba hivyo vilikuwa visima vya pampu na mabomba ya jumuiya, miradi ile ile ambayo huzinduliwa kwa ngoma na kukata utepe kama yetu.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya bahari, uko mji wa Toamasina katika pwani ya mashariki ya Madagaska. Huko familia nyingi huvuta maji ya ardhini kwa pampu za mkono zinazotengenezwa na mafundi wa mji wenyewe. Ni kazi ya kujitegemea hasa, ya kusifiwa. Ndani ya pampu hizo mafundi walitia kipande cha risasi ili kuipa uzito valvu ya kuzuia maji yasirudi chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida walipopima, maji yalikuwa na risasi kupita kikomo. Dawa yake ilikuwa rahisi mno: kipande cha risasi kikatolewa, kikawekwa cha chuma. Risasi ikapungua katika maji, na ikapungua katika damu ya watoto. Wale mafundi hawakuwa wabaya. Hakuna aliyewaambia, na walipoambiwa na kuonyeshwa, pampu zikatengenezwa kwa namna nyingine.

Na tuingie sasa katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi. Bomba la chuma lililopakwa zinki ni rafiki wa zamani, lakini zinki ya kupakia imekuwa kwa kawaida na risasi kidogo ndani yake, na bomba likishapata kutu, magamba ya kutu hukusanya risasi itokayo kwingine na kuiachia ghafla maji yanapokuja kwa nguvu. Katika ufundi wa Kiingereza wa zamani viungo vya bomba hilo vilifungwa kwa nyuzi zilizopakwa rangi nyekundu, nayo rangi hiyo ilitengenezwa kwa risasi. Kwa hiyo majengo ya zamani, ya ofisi na ya shule, yanastahili kutazamwa kwanza.

Bomba la plastiki limekuja na sifa ya usafi, nami sina ugomvi nalo. Wanaovumisha kwamba kila plastiki ni sumu wanawatia watu hofu bure, na hofu ya bure humrudisha mwananchi kwenye dimbwi. Bomba la plastiki lililotengenezwa kwa maji ya kunywa, kwa kiwango kilichothibitishwa, ni katika vifaa vyema tulivyo navyo. Lakini plastiki ngumu iitwayo PVC haiwezi kutengenezwa bila dawa ya kuikinga na joto la kiwandani, na kwa miaka mingi dawa hiyo ilikuwa ya risasi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliiacha kufikia mwisho wa mwaka 2015. India ilitunga kanuni za kuiondoa katika mabomba mwaka 2021. Swali la mnunuzi wa umma ni jepesi: bomba hili limeimarishwa kwa dawa gani? Muuzaji asiyeweza kujibu kwa hati, na akaeleza hati hiyo imetolewa na nani, hafai kuuziana na Serikali. Lipo kosa jingine linalofanywa mchana kweupe, la kupitisha maji ya kunywa katika bomba la maji machafu kwa kuwa ni la bei nafuu, au katika mpira wa kumwagilia bustani. Vitu hivyo havikutengenezwa kwa kinywa cha mtu. Hata bomba jema la plastiki halifai kulazwa katika udongo uliolowa petroli karibu na gereji, maana mafuta hupenya katika ukuta wake.

Mabomba ya asbesto na saruji nayataja kwa kuwa yanazusha maneno mengi. Hatari iliyothibitika ya asbesto ni vumbi lake katika mapafu. Kuhusu kunywa, Shirika la Afya Duniani halikuona ushahidi wa kutosha wa kuweka kikomo katika maji. Anayepaswa kulindwa kwanza hapo ni kibarua anayelikata bomba hilo kwa msumeno bila barakoa. Fedha ya kupambana na asbesto iliyotulia ardhini ingefaa zaidi kwenye koki.

Ndugu walimu, shule ndiyo mahali ambapo jambo hili huuma zaidi kuliko mahali pote, na sababu yake ni kalenda. Maji hufyonza risasi kwa kadiri yanavyokaa yakigusana nayo. Nyumbani koki hufunguliwa alfajiri, mchana na usiku. Shuleni maji hulala bombani tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, na wakati wa likizo hulala kwa wiki nzima na zaidi. Mtoto wa kwanza kukinga kikombe Jumatatu ndiye anayekunywa yale yaliyolala. Mgao wa maji nao huongeza mashaka: bomba hukaa tupu, kisha hujaa kwa kishindo na kubandua magamba, na linapokuwa tupu huvuta ndani uchafu wa mfereji kupitia kila tundu. Mwalimu anaweza kuagiza koki ifunguliwe kwa dakika kadhaa kila baada ya mapumziko, na maji hayo ya kwanza yamwagiliwe miche au yapigie deki. Huo ni ushauri mzuri wa muda. Lakini nampinga kwa nguvu yeyote atakayeufanya kuwa jibu la kudumu. Haiwezekani mtengenezaji, muuzaji, mkandarasi na mkaguzi wote wapumzike, halafu mtoto wa darasa la kwanza ndiye akumbuke kumwaga maji.

Litakuja sasa lile pingamizi zito, nami silidharau. Watasema: wapo wananchi ambao bado wanachota mtoni pamoja na ng'ombe, kipindupindu huua kwa siku moja, risasi hudhuru kwa miaka, tumalize kwanza la kwanza. Programu ya maji vijijini iliyoanza mwaka 1971 ililenga kumpatia kila mwananchi maji safi karibu na nyumbani ifikapo mwaka 1991, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaendelea kulitaja lengo la mita 400. Tumezoea kuhesabu masafa na idadi ya vituo, na hesabu hiyo ina haki yake. Lakini kuchagua koki njema hakumcheleweshi mwananchi hata siku moja. Mtaro ni ule ule, fundi ni yule yule, saruji ni ile ile. Kinachobadilika ni kipande kimoja cha shaba na swali moja dukani. Gharama kubwa haiko katika kununua chema leo. Iko katika kubomoa ukuta kesho ili kukitoa kibaya. Marekani, nchi tajiri, ililazimika mwaka 2021 kutenga dola bilioni 15 za kufukua mabomba ya risasi yaliyolazwa na vizazi vilivyotangulia, na mwaka 2024 ikatoa kanuni ya kuyamaliza katika miaka 10. Sisi ambao sehemu kubwa ya mabomba yetu bado haijalazwa tuna nafasi waliyoikosa wao. Itakuwa uzembe kuagiza kutoka nje matatizo ambayo wenyewe wanalipa mabilioni kuyafukia.

Kwa hiyo nataka mambo mahususi. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lina kazi ya kuweka viwango na kuvithibitisha. Koki, valvu, mita na viungo vya shaba vinavyokusudiwa maji ya kunywa visipite bandarini wala mipakani pasipo cheti kinachotaja asilimia ya risasi katika sehemu inayogusa maji, na asilimia hiyo iwe 0.25, isiwe maneno matupu ya “bora” au “imara”. Cheti peke yake hakitoshi, kama Hong Kong ilivyoonja. Kutoka katika kila shehena kichukuliwe kifaa kimoja, kikatwe, kipimwe, na mwenye shehena ajue kwamba kitapimwa.

Maofisa wa manunuzi waiandike asilimia hiyo katika hati za zabuni za shule, zahanati na nyumba za watumishi, kama sharti la kustahili na wala si la kupendeza. Hapo bei ya chini itashindana na bei nyingine ndani ya uwanja wa vitu salama, badala ya kushindana na usalama wenyewe. Mkaguzi wa jengo asitie sahihi ya makabidhiano mpaka maji yapimwe kwenye koki, na sampuli ichukuliwe kama inavyopasa: lita ya kwanza, asubuhi, baada ya maji kulala bombani kwa saa 6 au zaidi. Mtu anayefungua koki kwa robo saa kabla ya kukinga chupa ya maabara amepima bomba la mtaani. Lile la jengo amelisuza tu.

Mamlaka za maji za mijini na RUWASA iliyoundwa mwaka 2019 kwa ajili ya vijijini ziongeze mabomba ya shule katika ratiba ya upimaji, zikianzia majengo ya zamani yenye mabomba ya chuma na maeneo yenye maji laini, na shule zinazovuna mvua zisisahauliwe. Ikionekana risasi, kifaa kibadilishwe katika muhula huo huo, na wakati wakisubiri, wanafunzi wapewe maji kutoka kwenye bomba lililopimwa. Majibu ya vipimo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule ile ile, yakitaja tarehe, koki iliyopimwa na namba iliyopatikana, ili mzazi anayekuja kulipia chakula cha mwanawe aisome kabla hajafika ofisini.